Kutoka Temeke hadi Grogan: siku sita ndani ya Pijo 404

Jumanne. Dar es Salaam – Korogwe

Tumeondoka Temeke saa kumi na moja alfajiri. Mjomba amevaa shati jeupe la mikono mirefu na kuchomeka kalamu mfukoni, kama mtu anayewahi kazini. Nyuma ya kalamu kuna karatasi iliyokunjwa mara nne: risiti ya malipo ya awali ya krauni ya difu, lile gurudumu la meno linalozungusha magurudumu ya nyuma, kutoka duka la spea, barabara ya Grogan, Nairobi, Januari 1977. Aliambiwa mzigo ungefika baada ya wiki sita. Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka ulipofunguliwa, Novemba 1983, mjomba alikuwa na watoto wanne wa kusomesha, na pesa ya safari ya Nairobi ilikuwa ndoto. Krauni hakuifuata. Leo ana miaka 79, na gari ni lilelile.

Ni Pijo 404 ya 1967, rangi ya maziwa. Aliinunua 1970 kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Aliiendesha hadi 1994, kisha ikakaa uani chini ya mwembe, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa kusoma namba za spidi kwenye dashibodi yake. Miaka mitatu iliyopita nilimwomba anipe funguo, naye akanipa na daftari lake la matengenezo, akisema, "Mama, ukianza usiache katikati. Gari likifunguliwa likaachwa, halifungiki tena."

Sikuacha. Sakafu yote ilikuwa imeliwa na kutu, maana hewa ya pwani ina chumvi na chuma cha zamani hakikuwa na kinga ya maana. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani alikata sakafu vipande vinne, akavikunja vipya kwa nyundo na gogo la mti, akifuatisha mikunjo ya kile cha zamani kama fundi cherehani anayefuatisha gauni. Silinda za breki niliziagiza Ufaransa. Viti vilishonwa upya Kariakoo. Rangi ilinipa shida kuliko vyote, hadi tulipofungua dashibodi tukakuta nyuma yake kipande ambacho jua halijawahi kukigusa. Hapo ndipo tulipoijua rangi halisi. Nilikaa nikikitazama kile kipande muda mrefu.

Watu wawili walinishauri nilipakie gari kwenye lori hadi Nairobi, lisije likaharibika njiani. Nilikataa. Gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya barabara hii hasa, enzi hizo ikiwa vumbi na matope. Kulibeba mgongoni mwa lori kama ng'ombe wa mnada ingekuwa kulidhalilisha.

Chalinze trafiki ametusimamisha. Ametazama leseni upesi, kisha ameniomba nifungue boneti. Injini ya 404 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, na asiyeijua hudhani imeachia kwenye viti vyake. "Imekaa hivi au imeanguka?" ameuliza. Mjomba akamweleza: imelazwa ili boneti iwe fupi kwa kimo na uzito ukae chini. Foleni ya malori nyuma yetu ikawa inangoja somo liishe.

Wami tumepita daraja jipya. La zamani, lile jembamba, lipo bado pembeni, na mjomba ameomba tusimame alitazame. Zamani, anasema, ukifika pale unazima redio na kila mtu anyamaze. Hakueleza zaidi.

Korogwe saa nane mchana. Kama kilomita 300, petroli lita 32. Injini haijamisi hata mara moja. Nimeandika hayo kwenye daftari la mjomba, chini ya mwandiko wake wa mwisho wa 1994.

Jumatano. Korogwe – Moshi

Leo nimefanya kosa la kuchelewa kuondoka. Tulikunywa chai hadi saa tatu, tukipiga soga na mwenye nyumba ya wageni, na jua likatutangulia barabarani. Hadi Mombo mambo shwari, Usambara ikiwa mkono wa kulia na mashamba ya mkonge yakipita kwa mistari. Tulipoipita Hedaru, saa sita kasoro, gari likaanza kupiga chafya. Likapiga tena, likakosa nguvu, likazima. Nikaliserereshea pembeni.

Kivuli hakuna. Nikapiga stata, nikapiga tena, nikaendelea kupiga hadi betri ikaanza kukoroma na kunyamaza. Mjomba hakusema neno mpaka nilipoacha. Kisha akashuka, akafungua boneti, akaweka kiganja karibu na pampu ya petroli bila kuigusa.

"Mafuta yamechemka," akasema. "Nipe khanga yako na maji."

Pampu ya 404 imefungwa ubavuni mwa injini na huendeshwa na injini yenyewe. Jua likiwa kali, joto la chuma huigeuza petroli iliyomo kuwa mvuke, na pampu haiwezi kuusukuma mvuke, kwa hiyo kabureta inakaa kavu wakati tangi limejaa. Hakuna kilichoharibika na hakuna cha kununua. Unalowesha kitambaa, unaizungushia pampu na bomba lake, unakaa chini, unangoja. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa wa kitabu cha ufundi wa gari hili, na hili nalo nilikuwa nimelisoma, lakini kulijua kwa kiganja ni elimu nyingine.

Vijana watatu wa bodaboda walisimama. Wakaamkia, "Shikamoo mzee," wakalizunguka gari. Mmoja akauliza kitundu kilichopo mbele, chini ya grili, ni cha nini. Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Korogwe. Akaenda kwenye buti, akatoa hendeli iliyofungwa kwenye gunia.

Hawakuwahi kuona gari likiwashwa kwa mkono. Mjomba akamchagua aliyeuliza. "Mwanangu, kwanza kidole gumba. Kisikumbatie chuma. Kikae upande mmoja na wenzake, hivi. Injini ikirudisha kwa nguvu, hendeli itakuponyoka mkononi, haitakuvunja. Pili, usisukume kwenda chini. Ingiza, tafuta pale panapokuwa pagumu, halafu vuta juu mara moja."

Kijana akavuta. Kimya. Akavuta tena. Mjomba akasogea akamrekebisha bega, akanipa ishara nisikanyage akseleta sana. Mara ya nne injini ikashika, ikakohoa, ikatulia kwenye mngurumo wake ule wa chini ninaoupenda kuliko wimbo wowote. Yule kijana aliruka juu akipiga makofi, na wenzake wakaomba gari lizimwe ili nao wajaribu. Likazimwa. Likawashwa kwa hendeli mara mbili nyingine, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyeharakisha mtu. Walipoondoka walikuwa wanabishana nani amevuta vizuri zaidi.

Kutoka hapo hadi Same mjomba aliongea bila kituo. Alinisimulia mashindano ya magari ya Safari, yale yaliyoanza 1953 na ambayo enzi zake yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na huku kwetu. Yalifanyika Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, na yeye na wenzake walikuwa wakiyafuatilia redioni. 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7. 1968 tena, yakamaliza 7. Na miaka yote miwili gari la kwanza lilikuwa Pijo 404, dereva Nick Nowicki, msaidizi wake Paddy Cliff. Katikati, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, nao pia kwa 404. "Shankland alikuwa mtu wa hapa hapa kwetu," mjomba akasema, akigonga dashibodi kwa kidole. "Ndiyo maana nilitaka hili. Wengine walikuwa wananunua gari. Mimi nilikuwa nanunua lile nililolisikia redioni."

Miaka 40 nimemfahamu mjomba, na hilo sikuwahi kulisikia.

Moshi tumeingia usiku. Khanga yangu ina harufu ya petroli na sina mpango wa kuifua.

Alhamisi. Moshi – Arusha

Kilomita 80 tu, kwa makusudi. Nilitaka tuingie chini ya gari kwa utulivu tukague difu.

Difu ya 404 si kama za magari mengine. Badala ya pinioni ya kawaida, ile gia ndogo inayozungusha krauni, ina skrubu ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba, na hilo gurudumu ndilo krauni. Inafanya kazi kimya kabisa, ila shaba na chuma vikisuguana kwa namna ile vinahitaji mafuta ya aina yake. Kiwanda kiliagiza mafuta ya mimea, yatokanayo na nyonyo. Ukichanganya na oili ya kawaida yanaganda kama gundi, na krauni inaliwa.

Miaka ya mwanzo ya 1980 mafuta hayo hayakuwa yakipatikana Dar, kama ambavyo sabuni na sukari navyo havikupatikana. Petroli yenyewe ilikuwa ya kuhesabu, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya binafsi yalikatazwa barabarani. Krauni ya zamani ilikuwa imekwisha kulika nusu, mpya ilikuwa Nairobi ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Mjomba alikwenda kijijini kwa bibi, akanunua nyonyo zilizokamuliwa kwa mkono, akayachuja mafuta kwa kitambaa cha leso mara saba, akayamimina kwenye difu. Kwenye daftari ameandika tarehe na maneno mawili: *Imekubali. Alhamdulillahi.*

Krauni hiyohiyo iliyolika nusu ndiyo inayotupeleka Nairobi. Tumefungua kizibo, tumechovya kidole: safi, hakuna vumbi la shaba. Tumeongeza kidogo kutoka kwenye chupa. Kisha tumekula ndizi nyama, mjomba akalala.

Ijumaa. Arusha – Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri tena, baridi, na injini inapenda baridi. Longido tumepita jua linachomoza.

Namanga, forodha. Kadi ya gari, bima ya Kadi ya Njano, kibali cha kuingiza gari kwa muda. Afisa wa kwanza alipoona mwaka wa gari kwenye karatasi alidhani ni kosa la uchapaji, akatoka nje kuhakikisha namba ya chesisi. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Walitutendea kwa heshima sana, na mkubwa aliomba kupiga picha na mjomba, mkono begani.

Sasa pale ni kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi 2018, unamaliza ya nchi zote mbili mahali pamoja. Mara ya mwisho mjomba kupita hapa kulikuwa na bomba lililowekwa mlalo barabarani na askari wa kulinyanyua. Tulipovuka alitoa risiti mfukoni, akaitazama, akairudisha. Nikapunguza mwendo. Nyuma yetu lori likapiga honi, nikaliacha lipige.

Kitengela hadi mjini ni foleni. Joto la injini lilipanda, feni ikashika yenyewe kama ilivyoundwa, joto likashuka. Tumefika.

Jumamosi. Grogan

Grogan rasmi inaitwa barabara ya Kirinyaga siku hizi, lakini ukisema Kirinyaga kwa mtu wa spea anakurekebisha: "Grogan." Milango ya maduka imejaa taa, milango ya magari, vioo vya pembeni, na mafundi wanafanya kazi ukingoni mwa barabara. Kila hatua mtu anakuuliza unatafuta nini. Tulikuwa tumeliacha gari kwenye maegesho, tukatembea kwa miguu, mjomba akisoma majengo na si vibao. Vibao vimebadilika, majengo mengine yamebaki.

Alisimama mbele ya jengo la ghorofa moja lenye roshani ya chuma. "Hapa." Zamani lilikuwa duka la Singasinga mmoja aliyeweka picha ya Joginder Singh juu ya kaunta, ile ya 1965, aliposhinda Safari na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Sasa wanauza injini za Kijapani. Kijana mwenye duka aliipokea risiti kwa mikono miwili, akaisoma polepole.

"Mzee, hii ni ya kabla baba yangu aanze kazi hapa."

"Najua, mwanangu. Sikuja kudai. Nimekuja kuona."

Yule kijana hakutuacha twende. Alitoa viti, akaagiza chai, akapiga simu. Aliyemtafuta ni fundi mmoja wa zamani, ambaye karakana yake iko nyuma huko upande wa mtoni. Tuliletewa mtu mwembamba, ovaroli imefifia hadi kuwa rangi ya anga, miwani imefungwa kwa uzi. Mjomba akasema 404, yule mzee akavua miwani.

Nilimuuliza kama krauni ya 404 inaweza kupatikana popote Nairobi. Akatikisa kichwa. "Zilikuwa nyingi. Hizi gari zilipoanza kufa, watu walitoa zile krauni wakauza kwa kilo. Shaba ina bei, unaona? Mimi mwenyewe nimeuza. Sikujua iko siku mtu atatoka Dar kuitafuta." Alisema hivyo akiangalia mikono yake, na nilimwonea huruma, maana angeweza kutudanganya kwamba hajui zilikokwenda.

Tukarudi naye hadi kwenye gari. Aliingia chini bila turubai wala boksi la kulalia. Akashika gurudumu la nyuma, akalitingisha mbele na nyuma kwa nafasi ndogo mno, sikio limeegemea difu. Alikaa hivyo kama dakika tano, maegesho yote yakiwa kelele tupu.

"Iko na maisha bado," akasema kutoka chini. "Lakini ile skrubu imekaa mbele kidogo. Inakula upande mmoja."

Kilichofuata ndicho nilichokuja kukitafuta bila kujua. Saa mbili nzima alinieleza namna ya kupanga skrubu na krauni: kupaka rangi nyembamba kwenye meno, kuzungusha kwa mkono, kusoma alama inapoangukia, kuongeza au kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, nyuma ya beringi, kupaka tena. Kitabu changu kinasema hayo kwa aya moja. Yeye alinionyesha kwa kidole, kwenye vumbi la boneti, alama nzuri inavyoonekana na mbaya zinavyoonekana, aina tatu tofauti, na kila moja gari lililompa funzo hilo na mwaka. Nilirekodi sauti kwa simu, nikachora kwenye daftari. Alipomaliza aliniuliza, "Umeandika yote?" Nikamsomea. Akanisahihisha mahali pawili.

Alikataa pesa. Alikubali chupa ya nyonyo iliyobaki, akainusa, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Hii ndiyo harufu ya Grogan ya zamani," akasema.

Risiti mjomba ameirudisha mfukoni, nyuma ya kalamu.

Jumapili. Ngong Racecourse

Kila Septemba, Jumapili ya mwisho, hapa hufanyika Concours d'Elegance, maonyesho ya magari na pikipiki ambayo chama cha wenye Alfa Romeo kimeyaandaa tangu 1970. Sisi hatukujiandikisha kushindana. Tumelipa kiingilio kama watazamaji, na 404 tumeiacha kwenye maegesho ya kawaida, katikati ya magari ya jana na juzi.

Ndani kulikuwa na uzuri wa kutosha mwaka mzima. Waamuzi walikagua injini, viti, buti, hadi uvunguni, na niliwaona wenye magari wakifuta vumbi kati ya spoki kwa mswaki. Nawaheshimu kwa moyo wote, maana najua kila mng'ao ule umechukua usiku mingapi. Hata hivyo macho yangu yalirudi mara kwa mara kwenye Land Rover moja kukuu ambayo mwenyewe alikuwa ameiacha na mikwaruzo yake ya porini. Ningekuwa mwamuzi, ningempa alama kwa kutoifuta.

Saa tisa mjomba akasema amechoka, turudi garini. Kwa mbali tukaona watu wamelizunguka. Moyo ulinipasuka, nikadhani limegongwa. Kumbe ni wazee, sita au saba, na vijana wao wakiwa nyuma wameshika vinywaji. Hawakuligusa. Mmoja alikuwa anawaeleza wengine kuhusu hendeli. Mwingine, aliyekuwa dereva wa teksi za Pijo za Nakuru, alikuwa anambishia kuhusu idadi ya abiria walioingia.

Mjomba akawaamkia, wakampa mikono. Yule dereva wa Nakuru akamuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kukaa kidogo tu, bila kuwasha. Mjomba akanitazama. Nikafungua mlango.

Alikaa, akavuta kiti mbele, akashika usukani kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulipanda wenyewe hadi kwenye gia, pale kwenye shingo ya usukani, bila macho kushuka. Akakanyaga klachi, akaweka ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akirudi huria kila mara, midomo ikitoa mngurumo wa injini taratibu kama mtoto anavyocheza. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi, akasogea dirishani.

"Guka, ulijulia wapi?"

"Panda hapa upande wa pili," akamwambia. "Tunaenda Nakuru."

Mjomba akamfungulia mlango.